Lumeni nyingi hazifanyi tochi kuwa bora

Ukiulizia tochi ya kambi ya Shimba Hills kwenye maduka ya Barabara ya Digo, Mombasa, utaonyeshwa kwanza namba iliyo kwenye boksi: lumeni 1,000, pengine zaidi. Wengi tunaamini namba ikiwa kubwa, tochi ndiyo hiyo. Sivyo.

Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Hazikwambii mwanga unafika wapi wala utadumu kwa muda gani. Mwanga ule ule ukikusanywa hufika mbali. Ukitawanywa humulika vizuri pale miguuni. Tena tochi ndogo ukiiwasha kwa nguvu zote hupata moto, na nyingi hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Hata saa za kuwaka zilizoandikwa kwenye boksi zisome kwa makini: kwa ANSI FL1, kiwango cha kupimia tochi, muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hapo njia huioni tena sawasawa.

Kwa kutembea usiku, lumeni 100 hadi 200 zatosha. Ndani ya hema, 10 tu. Mimi huchagua tochi ya kichwani, mikono ibaki huru kwa kamba za hema na sufuria ya chai. Iwe na taa nyekundu pia, maana macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe mkali huyaondolea mazoea hayo mara moja, yako na ya mwenzako unayemgeukia.

Kwa mvua zetu za pwani, tafuta tochi yenye angalau alama ya IPX4, yaani inayohimili maji ya kurushiwa. Na betri za akiba, ndugu yangu, usiziache nyumbani.