Bakteria anayejua kusahau

Bakteria wa E. koli ana urefu wa takriban mikromita 2. Kwa umbo dogo hivyo, ni vigumu mno kwake kupima kama chakula kimezidi upande wa mbele au wa nyuma. Hata hivyo anakifikia. Namna anavyokifikia ndiyo iliyonivuta kwenye utafiti wa udhibiti wa mitambo, na hadi leo sijaichoka.

Ana miendo miwili tu. Mikia yake ikizunguka kinyume cha saa, hujisokota fungu moja, naye huchapa mbio kwa kama sekunde 1. Ikigeuza mzunguko, fungu hufumuka, naye hubiringika kidogo, kisha hushika njia nyingine bila kuichagua. Mwaka 1972 watafiti Berg na Brown, waliomfuatilia kwa hadubini maalumu, walieleza kwamba hali ikizidi kuwa nzuri mbio hurefuka. Basi! Analinganisha sasa na sekunde chache zilizopita.

Roboti yangu ya kwanza, yenye kihisi kimoja cha mwanga, niliiwekea kiwango: mwanga ukikizidi, nyoosha, ukipungua, geuka. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana jua likaingia dirishani, kila mahali pakawa pazuri kwake, ikanyoosha hadi ukutani.

Bakteria hanaswi hivyo. Vipokezi vyake, yaani protini zinazohisi chakula, hubandikwa alama za methili, vikundi vidogo vya kemikali: kimeng'enya CheR hubandika, CheB hubandua, hasa kwenye vipokezi vilivyo kazini. Chakula kikiongezeka, vipokezi hutulia. Alama nazo hulimbikizana taratibu mpaka virudi kwenye utendaji wa awali. Ni kama ukiingia jikoni kitunguu kinakaangwa: baada ya muda huisikii tena harufu. Mwaka 1997 Barkai na Leibler walionyesha kwamba urejeaji huo hauhitaji vimeng'enya viwepo kwa kiasi maalumu. Mwaka 2000 Yi, Huang, Simon na Doyle wakaonyesha kuwa huo ni mrejesho wa intigrali, uleule tunaoutumia viwandani: kosa hulimbikizwa, na marekebisho hayakomi mpaka kosa liwe sifuri.

Nikaongeza kumbukumbu inayoufukuzia mwanga polepole. Roboti ikafuata tofauti kati ya mwanga wa sasa na kumbukumbu hiyo, na jua la dirishani likasahaulika. Kazi ngumu ni kuchagua kasi ya kusahau. Ikisahau upesi, mabadiliko hufutika kabla hayajatambuliwa. Ikichelewa, inalinganisha na mahali ilikopita zamani. Sasa najaribu kihisi cha gesi, ambacho chenyewe ni kizito kuitikia, kwa hiyo kumbukumbu lazima iwe nzito kukizidi.