Kwa nini Bihar iliwapa wasichana baiskeli?

Mwaka 2006, serikali ya jimbo la Bihar nchini India ilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la 9 rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Darasa la 9 ndilo mlango wa sekondari, na hapo ndipo wasichana walipokuwa wakipukutika.

Wengi wakisikia habari hii husema hicho ni chambo tu: mzazi hataki kusomesha binti, anaonyeshwa zawadi, analegea. Maelezo hayo yanavutia, hasa ukijua kwamba pesa zilikabidhiwa shuleni kwa sherehe, mbele ya viongozi wa eneo, na mzazi akatakiwa kurudisha risiti. Lakini kama zawadi ndiyo iliyovuta, wasichana wangeongezeka kila mahali, kwani rupia zilikuwa zilezile. Haikuwa hivyo. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta ongezeko limejaa katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita 3 kutoka sekondari. Karibu na shule, hali ilibaki karibu kama zamani. Na kule mbali kupita kiasi, athari ilififia tena, maana miguu ya mtoto hata juu ya baiskeli huchoka. Chambo kisingekuwa na mchoro wa ajabu namna hiyo.

Kumbe kizuizi kikubwa kilikuwa njia. Shule za msingi zilitapakaa vijijini, sekondari zilikuwa za kuhesabu. Kilomita 5 kwa miguu ni zaidi ya saa nzima kwenda na nyingine kurudi, na binti wa miaka 14 anasubiriwa nyumbani na kazi zake. Juu ya hapo kuna hofu ya wazazi kuhusu yatakayomkuta njiani, hofu ambayo kwa mvulana huwa ndogo. Baiskeli hufupisha safari hadi nusu saa hivi, na wasichana wa kijiji kimoja huweza kuondoka kwa kundi. Mzazi aliyedhaniwa hapendi elimu, anaruhusu.

Ila miaka hiyo Bihar ilikuwa pia ikijenga barabara na kukaza usalama. Utajuaje ni baiskeli? Fikiria muuza maharage mwenye mizani ambayo mshale wake hauanzii sifuri, naye anapima pamoja na kikapu. Lazima aondoe uzito wa kikapu, kisha aondoe kosa la mshale. Watafiti walifanya hivyohivyo. Kikapu ni yale yaliyowagusa watoto wote wa Bihar, wakayaondoa kwa kuwatazama wavulana, ambao wakati huo hawakupewa kitu. Mshale ni mwendo wa wasichana kuongezeka shuleni hata pasipo baiskeli, wakauondoa kwa kutazama Jharkhand, jimbo jirani lililokuwa sehemu ya Bihar hadi mwaka 2000. Maharage yaliyobaki: uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40.

Kuandikishwa, bila shaka, si kuelimika. Wasichana waliofanya mtihani wa kumaliza sekondari waliongezeka kwa asilimia 18, waliofaulu kwa 12. Baiskeli inamfikisha mtoto mlangoni. Mwalimu akiwa hayupo, haina la kufanya. Halafu Bihar ni tambarare. Sitathubutu kuhamishia takwimu hizi kwenye miinuko ya Lushoto, ingawa huko Zambia, jaribio la kuwagawia wasichana wa vijijini baiskeli lilipunguza utoro kwa zaidi ya robo. Tanzania, miaka hiyohiyo, ilishika njia ya pili: badala ya kumsogeza mtoto, ikaisogeza shule, ndipo zikaota shule za kata.

Baadaye wavulana wa Bihar nao walipewa pesa za baiskeli. Ni haki yao, na wazazi walifurahi, ila watafiti wakawa wamepoteza njia yao ya kupima kikapu.