Naitrojeni tupu haitoshi kwenye chemba isiyo na oksijeni

Wengi wanaofanya kazi maabara, Dar es Salaam na kwingineko, huamini kwamba ukishajaza naitrojeni safi kwenye chemba ya kukuzia bakteria wasiostahimili oksijeni, kazi imekwisha. Imani hiyo ina mantiki, kwani naitrojeni husukuma hewa nje. Ila haiisukumi yote, na oksijeni hurudi kidogo kidogo kupitia glavu za mpira. Hata sahani za plastiki huingia nayo.

Ndiyo maana hutumika mchanganyiko, mara nyingi naitrojeni asilimia 85, kaboni dioksidi 10 na haidrojeni 5. Kazi ya usafi ni ya haidrojeni: juu ya kichocheo cha paladi (metali inayoharakisha mmenyuko) huungana na oksijeni iliyobaki, yakatokea maji. Maji hayo hunyonywa na silika (ambayo ukiiacha wazi mezani masika ya Dar, italowa kabla haijaingia ndani).

Wengine huikwepa haidrojeni wakihofia mlipuko. Mtungi wa haidrojeni tupu ni wa kuogopwa kweli. Lakini ikiwa haizidi asilimia 5 ndani ya naitrojeni, haishiki moto hata ikivujia hewani. Usijichanganyie, agiza iliyokwisha kuchanganywa, na usome lebo na cheti cha mtungi kabla dereva hajaondoka.

Kuhakiki ni rahisi: weka ndani kijikaratasi cha rezazurini, rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo. Kikibaki cha waridi, oksijeni bado ipo. Kikipauka, imepungua vya kutosha. Kikigoma kupauka na gesi ni sahihi, kagua kichocheo. Kilicholowa hukaushwa kwenye oveni.