Ardhi ya Tanga na Bagamoyo enzi za Mjerumani: ya jeshi au ya Bwana Shauri?

Habari za Mjerumani katika Mrima, yaani mwambao huu, husimuliwa kana kwamba zote zilikuwa za bunduki: Wissmann na askari wake, Bushiri aliyeongoza upinzani wa mwambao, kitanzi cha Pangani alichonyongewa, basi. Hayo yalikuwapo. Lakini anayetaka kujua mashamba ya wazee wa Muheza au Bagamoyo yalikwendaje hatapata jibu kwa kuwatazama askari peke yao. Koloni lile liligawanywa kati ya wenye kambi, yaani jeshi, na wenye ofisi, yaani wakuu wa wilaya wa kiraia. Mgawanyo huo watu huuchanganya, na wakati mwingine hata wanaowatembeza wageni mjini huuchanganya. Hapa chini nayachukua madai yanayosikika, moja moja, na kuyajibu.

"Sultani aliwauzia Wajerumani mashamba yetu"

Hakuuza mashamba. Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa bin Said, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao pamoja na forodha zake kwa miaka 50. Minazi ya mtu wa Pangani haikuwamo. Ila kampuni ilipoanza kazi tarehe 16 Agosti mwaka huo ilijifanya mwenye mji: ikapandisha bendera yake, ikaleta ushuru mpya, ikawataka watu wathibitishe kwamba mali zao ni zao. Pangani ikawaka moto, Tanga ikapigwa mizinga kutoka baharini mwezi Septemba, na kampuni ikabaki imejibanza Bagamoyo na Dar es Salaam.

Fedha kubwa ililipwa baadaye, pale Ujerumani ilipompa Sultani marki milioni 4 ili auachie mwambao moja kwa moja. Hapo napo kilichonunuliwa ni mamlaka. Kwa hiyo hata kwa sheria yake yenyewe serikali mpya ilipaswa kuuliza kila kipande cha ardhi kina mwenyewe au hakina. Namna ilivyouliza tutaiona hapa chini.

"Tangu Wissmann hadi 1918 waliotawala ni wanajeshi"

Kwa miaka miwili hivi ni kweli. Hermann Wissmann alifika mwaka 1889 akiwa kamishna wa dola, mfukoni ana marki milioni 2 zilizopitishwa na bunge la Berlin, na nyuma yake askari waliokusanywa Misri na Msumbiji. Makao yake yalikuwa Bagamoyo. Tarehe 8 Mei aliivunja ngome ya Bushiri nje ya mji, Julai akazitwaa Pangani na Tanga, na Desemba 15 Bushiri akanyongwa. Katika kipindi hicho hakukuwa na mipaka ya kuzungumzia kati ya kambi na ofisi, kwani amri zote zilitoka kambini.

Mambo yalibadilika 1 Januari 1891, dola ilipoichukua nchi kutoka kwa kampuni. Gavana wa kwanza, Julius von Soden, alikuwa raia, na makao makuu yakawa Dar es Salaam. Kikosi cha Wissmann kikageuzwa jeshi rasmi la koloni kwa sheria ya tarehe 22 Machi 1891. Miji ya mwambao, Tanga na Bagamoyo ikiwamo, ikapewa wakuu wa wilaya wa kiraia, wale ambao wenyeji waliwaita Bwana Shauri, na chini yao maliwali, maakida na majumbe. Bara ikabaki na vituo vya jeshi, ambako ofisa wa kikosi alikuwa hakimu, mtoza kodi na mkuu wa vita kwa pamoja.

Kasoro ilikuwa Berlin. Gavana alisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje, jeshi likasimamiwa na Ofisi ya Majini. Soden alitaka kuliweka jeshi chini yake na maofisa hawakuwa na habari naye. Agosti 17, 1891, kamanda wa jeshi, Emil von Zelewski, yuleyule aliyechokoza Pangani mwaka 1888 akiwa mtu wa kampuni, aliangamizwa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Mwaka 1896 jeshi liliondolewa mikononi mwa Ofisi ya Majini likawekwa upande mmoja na utawala wa makoloni. Tangu hapo wilaya za kijeshi zilizidi kupungua, hata ilipofika 1914 zilikuwa zimebaki mbili tu, Iringa na Mahenge.

Lakini "kiraia" hapa tusikipambe. Schele, Wissmann, Liebert na Götzen, magavana wanne waliofuatana kuanzia 1893 hadi 1906, wote walikuwa maofisa wa jeshi. Na Bwana Shauri alikuwa na askari polisi wake: kabla ya vita ya 1914 jeshi lilikuwa na askari karibu 2,500, polisi zaidi ya 2,000. Adhabu ya kiboko, hadi 25 kwa mara moja, iliruhusiwa katika ofisi ya kiraia. Mkulima aliyelazwa chini barazani Tanga asingeona tofauti yoyote kwa kuambiwa kwamba anayempiga si wa kambini.

"Jeshi ndilo lililonyang'anya ardhi"

Hii ndiyo dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Jeshi lilichoma vijiji na kuteka vyakula, na hayo si madogo. Lakini lenyewe lilihitaji kambi, ghala na uwanja wa gwaride. Ardhi iliyochukuliwa kwa eneo kubwa ilichukuliwa mezani, katika wilaya zilizokuwa na amani.

Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya dola. Watu binafsi, machifu na jamii za wenyeji waliachiwa mlango wa kudai, mradi wathibitishe. Maelekezo ya mwaka uliofuata yakaunda tume za ardhi za kuzunguka, kupima na kuamua. Kanuni yao ilikuwa kuwaachia wenyeji ardhi mara nne ya ile wanayoilima.

Mtu akisoma haraka ataona ni ukarimu. Lakini tume ilihesabu shamba linalolimwa siku hiyo. Mbondei au Msambaa hulima hapa miaka kadhaa, kisha huliacha shamba lipumzike na kuhamia kwingine, na lile pori bado ni la ukoo wake. Kuna malisho, kuna msitu wa kuni na dawa, kuna makaburi. Kwenye daftari la tume, pori lililopumzishwa lilikuwa pori tu. Mrima kulikuwa na ugumu mwingine: mtu aweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwingine, kila mmoja akiwa na haki yake, na ramani yenye mstari mmoja na jina moja haina pa kuandika hilo. Aliyekuwa na hati ya kadhi alikuwa na cha kuonyesha. Asiye na karatasi alitegemea ushahidi wa jumbe, na jumbe mwenyewe alikuwa mtu wa serikali.

Na kampuni, je? Ilipoachia utawala mwaka 1890 ilibaki na upendeleo wa kutwaa ardhi isiyo na mwenyewe mwambaoni na katika maeneo kadhaa ya bara, yakiwamo ya Usambara, na haki hizo ilizirudisha serikalini mwaka 1902. Miaka hiyo ndiyo reli ya Tanga ilipokuwa ikijengwa: ilianza 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905. Ilipopita, mashamba ya walowezi yalifuata, kahawa milimani na mkonge chini, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Tanga ilikuwa ya kiraia muda wote huo. Mkuu wake wa wilaya, von Saint Paul-Illaire, anakumbukwa duniani kwa ua la Usambara lililopewa jina lake, si kwa vita yoyote.

"Boma maana yake kambi ya jeshi"

Si lazima. Boma la Bagamoyo, lililojengwa 1897, lilikuwa ofisi ya wilaya. Ngome Kongwe, ambayo jeshi liliitumia, ni jengo la zamani zaidi, lililoanza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu takriban mwaka 1860, kabla Mjerumani hajatia mguu.

"Lettow-Vorbeck ndiye aliyekuwa mkuu wa koloni"

Kisheria hakuwa. Gavana Heinrich Schnee ndiye aliyekuwa na mamlaka ya juu, ya kijeshi pia, na Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa kamanda wa jeshi la koloni chini yake. Vita ilipoanza Agosti 1914, Schnee alitaka bandari ziachwe bila mapigano ili miji isipondwe na meli za Waingereza, na makubaliano ya namna hiyo yalifanyika kwa Tanga na Dar es Salaam. Lettow-Vorbeck hakuyataka. Novemba 2 meli HMS Fox ilifika Tanga, kapteni wake akatangaza kwamba makubaliano yamevunjwa na mji usalimu amri. Aliyemjibu alikuwa mkuu wa wilaya, Auracher, mtu wa kiraia. Aliomba nafasi ya kuwasiliana na wakubwa wake, akarudi nchi kavu, akavaa sare na kuungana na wapiganaji. Siku chache tu zilitosha: jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, lililoshukia Ras Kasone, lilishindwa na watetezi karibu 1,000. Tangu siku hiyo neno la gavana halikuwa na nguvu tena mbele ya kamanda. Anayemwita Lettow-Vorbeck mkuu wa koloni anaeleza yaliyotokea vitani, lakini hayo yalitokea kinyume cha sheria yao wenyewe.

"Mwingereza alipofika, utawala wa jeshi ukaisha"

Uliisha kwa vipande. Tanga ilitwaliwa Julai 1916 na Bagamoyo Agosti. Tarehe 1 Januari 1917 utawala wa kiraia wa muda chini ya Horace Byatt ulianzishwa kwa nchi iliyo kaskazini mpaka Reli ya Kati. Kusini mwa reli jeshi liliendelea kushika, na eneo hilo liliongezwa kwa Byatt mwaka 1918. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima Mtanganyika wa Korogwe alikuwa chini ya raia, wa Lindi chini ya jeshi, wote chini ya Mwingereza mmoja.

Sheria ya ardhi ya 1923 iliiweka ardhi yote chini ya gavana, na haki ya wenyeji wanaokalia ardhi kwa mila ikaandikwa wazi katika marekebisho ya 1928. Milki kamili zilizotolewa na Mjerumani hazikufutwa. Mashamba mengi ya mkonge ya Tanga yalinunuliwa na Wagiriki, Wahindi na Waingereza pamoja na hati zake za zamani. Hati hizo zilidumu hadi 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipozigeuza kuwa upangaji wa serikali.