Neno kabla maharage hayajaiva

Katika uchungaji wangu, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi halihusu Utatu wala mwisho wa dunia. Ni hili: "Mchungaji, muda wa kukaa na Mungu naupata wapi?" Aliyeniuliza karibuni ni mama lishe. Anaamka saa tisa usiku, anawasha mkaa, anakanda chapati, na saa kumi na mbili vijana wa bodaboda wameshajaa kibandani. Jioni anarudi kwa watoto. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "amka mapema kidogo", utakuwa unamtania.

Nilimuuliza: maharage yako yanachukua muda gani kuiva?

Wengi tunangoja muda utakaobaki, na muda haubaki. Ninachowashauri washarika ni kuifunga ibada ya binafsi kwenye jambo ambalo tayari wanalifanya kila siku bila kukosa. Kwake yeye ni sufuria la maharage. Nesi anayetoka zamu ya usiku, kwake ni kabla ya kulala. Hata mtunga zaburi alimtafakari Mungu kitandani, "makesha yote ya usiku" (Zaburi 63:6). Alfajiri ni saa nzuri, lakini si sharti la wokovu.

Najua mtanitajia Marko 1:35, Yesu alipotoka mapema sana kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu. Soma basi na aya zinazoizunguka. Jioni iliyotangulia mji mzima wa Kapernaumu ulikusanyika mlangoni, wagonjwa kwa wenye pepo. Hajamaliza kuomba, Simoni na wenziwe wamemfikia: "Watu wote wanakutafuta." Yeye anajibu, "Twendeni mahali pengine." Hapo ndipo huwa nakaa sana. Kapernaumu walikuwa na haja naye ya kweli, na bado alijua la kukataa. Asiyekaa kimya mbele za Mungu humwitikia kila anayemwita, mwishowe akachoka na kazi ambazo hakutumwa.

Nami sijivuni. Kuna mwaka nilisoma Biblia kila siku, lakini nikiwinda mahubiri tu. Simu ilikuwa kando ya mto wa kulalia. Nikiamka nafungua kwanza kundi la wazee wa kanisa, halafu la kamati ya ujenzi, na nilipofika kwenye Zaburi kichwa kilishajaa bei ya saruji. Dawa yangu ilikuwa ya kienyeji kabisa: nilinunua saa ya mezani yenye kengele, simu nikaihamishia sebuleni. Mke wangu alicheka wiki nzima.

La pili, kuwa na andiko limeshachaguliwa. Kufunua Biblia popote asubuhi huku macho mazito ni njia ya kuishia kwenye orodha ya vizazi. Sisi Wamoraviani tuna urithi mzuri hapa. Jioni ya 3 Mei 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani wa wakati huo, aliwapa waumini neno fupi la kulishika siku ya kesho yake, na ikawa desturi ndugu kulipeleka neno la siku nyumba kwa nyumba. Kuanzia 1731 maneno hayo yanachapwa kitabu kila mwaka; leo kila siku ina aya moja ya Agano la Kale iliyochomolewa kwa kura, na moja ya Agano Jipya. Aya mbili tu! Watu wa kazi za mikono waliishi nazo kutwa nzima.

Mama lishe nilimpa Zaburi 119, aya nane kwa siku. Ina aya 176, yaani mafungu 22 ya nane nane. Ukikosa siku, usilipe deni; endelea ulipoishia. Nimeona wengi wakiacha kabisa kwa sababu ya kujaribu kufidia sura kumi Jumamosi.

Juzi nilipita kibandani kwake. Biblia ilikuwa juu ya kreti la soda, ukurasa una doa la mafuta. Akanionyesha kwa kidole chenye unga aya ya 83: "Maana nimekuwa kama kiriba katika moshi." Akauliza, kiriba ndiyo nini? Nikamwambia ni mfuko wa ngozi wa kuwekea maji. Ukitundikwa penye moshi hukauka na kujikunja.

"Basi huyo ni mimi, baba mchungaji," akasema, akainama kupuliza moto.