Jipu linalokataa dawa: jinsi ya kuikinga familia na stafilokoka sugu

Kila mwaka, kuanzia Novemba 18 hadi 24, Shirika la Afya Duniani huongoza wiki ya kuelimisha umma kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Na kila mwaka kauli hurudi ile ile: "Mwili wangu umeshaizoea amoksilini, nataka dawa kali zaidi." Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaokuwa sugu ni bakteria. Shirika hilo lilipohoji watu katika nchi 12 mwaka 2015, asilimia 76 walidhani usugu ni wa mwili. Kosa hili lina madhara, kwa sababu humfanya mtu ambaye hamezi dawa ovyo ajione yuko salama. Bakteria anaweza kumfikia akiwa tayari ni sugu, ametoka kwa mtu mwingine, amepanda taulo waliyochangia.

Anayezungumziwa hapa ni bakteria aitwaye stafilokoka, aina yake iliyo sugu kwa methisilini (antibiotiki ya ukoo wa penisilini), ambayo mahospitalini hutajwa kwa herufi MRSA. Makadirio ya kitaalamu ya mwaka 2019 yalimhusisha moja kwa moja na vifo zaidi ya 100,000 duniani. Wengi humjua kama bakteria wa wodini. Lakini nyumbani pia yupo, na huko silaha kubwa dhidi yake si kidonge.

Stafilokoka wa kawaida anaishi puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu bila kumdhuru. Kumbeba si kuugua. Ugonjwa huanza ngozi inapofunguka: mkwaruzo, mkato wa wembe, upele uliokunwa, kidonda cha kiatu. Penisilini ilipoanza kumshindwa, methisilini ilitolewa mwaka 1959 ili kumkabili, na kufikia 1961 aina sugu ilikuwa imeshagunduliwa Uingereza. Dawa za kundi hili humuua bakteria kwa kuishika protini anayoitumia kujenga ukuta wake. Aliye sugu ana jeni inayomtengenezea protini nyingine, ambayo dawa haiwezi kuishika. Ndiyo maana kuongeza dozi hakusaidii, na ndiyo maana si dawa moja tu inayomshindwa: amoksilini, amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki, kloksasilini, sefaleksini, karibu ukoo mzima wa penisilini na sefalosporini hauna kazi kwake.

Dalili zake kwenye ngozi hazitofautiani na za stafilokoka wa kawaida. Panavimba, panakuwa na joto, panauma kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake, kisha usaha unajikusanya. Watu wengi husema wameumwa na buibui ambaye hawakumwona. Wengine husema ni damu chafu, wakaanza kunywa vitu vya kusafisha damu. Jipu halitokani na damu chafu. Linatokana na bakteria walioingia chini ya ngozi, na tiba yake ya kwanza ni kuutoa usaha. Antibiotiki hupenya kwa shida ndani ya kifuko cha usaha, maana hakuna mishipa ya damu ya kuipeleka humo. Jipu dogo kwa mtu mwenye afya njema mara nyingi hupona likipasuliwa na kusafishwa vizuri kituoni, wakati mwingine bila antibiotiki yoyote. Anayetoka kituoni amepasuliwa jipu bila kupewa vidonge hajapuuzwa.

Kupasua si kazi ya nyumbani. Ukiminya jipu, sehemu ya usaha hutoka nje na sehemu nyingine husukumwa ndani zaidi. Usiminye kabisa jipu lililo kati ya daraja la pua na pembe za mdomo, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na ile iliyo ndani ya fuvu. Unachoweza kufanya nyumbani ni kulikanda kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Kitambaa hicho kikishatumika kiende kwenye nguo za kufuliwa, kisirudi kwenye beseni.

Kuna jambo jingine tunaloliona mno: mtu anafungua kapsuli ya antibiotiki na kuumwaga unga wake juu ya kidonda. Tunaomba liachwe. Unga ule hukauka ukawa gamba, usaha unabaki umefungiwa chini, na bakteria waliobaki hukutana na dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Huo ndio mazingira unamozaliwa usugu. Spiriti nayo huunguza nyama changa inayojaribu kuziba kidonda. Maji safi yanayotiririka na sabuni kuzunguka kidonda vinatosha.

Sasa maabara, hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Usaha huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Ukishameza vidonge viwili vilivyobaki kabatini, bakteria wanaweza kukataa kuota kwenye sahani ya maabara ilhali bado wamo kidondani, na majibu yakaja hayana kitu. Mhudumu husafisha ngozi ya juu kwanza, kisha huchukua usaha kutoka ndani, kwa sababu gamba la juu lina bakteria wengi wasiohusika. Siku ya kwanza, chini ya hadubini, stafilokoka huonekana kama vichala vya zabibu, lakini hilo halisemi kama ni sugu. Ni lazima aoteshwe, kisha apimwe na dawa moja moja.

Karatasi ya majibu huwa na orodha ya dawa na herufi mbele ya kila moja. S maana yake dawa inamuua. R maana yake amekuwa sugu. I inahitaji maelezo ya daktari, kwa kawaida kwamba dozi ya kawaida huenda isitoshe. Tafuta mstari wa okzasilini au sefoksitini. Hizi hutumiwa na maabara kama kipimo cha usugu kwa methisilini, hata kama hakuna atakayekuandikia. Mbele yake pakiwa na R, hesabu kuwa amoksilini, kloksasilini na sefaleksini nazo ni R, hata kama hazikuandikwa kwenye karatasi. Mgonjwa huja na kusema, "Lakini amoksilini haikutajwa kuwa ni sugu." Haikutajwa kwa sababu jibu lake limeshatolewa na mstari ule mmoja. Dawa za kumeza ambazo mara nyingi bado hufanya kazi ni kotrimoksazoli, doksisaiklini na klindamaisini, na kila moja ina watu ambao haiwafai; doksisaiklini, kwa mfano, huepukwa kwa wajawazito. Maambukizi makali hutibiwa hospitalini kwa dawa za mshipa kama vankomaisini. Hifadhi karatasi hiyo. Jipu likirudi baada ya miezi, ndiyo itakayomwongoza daktari kabla majibu mapya hayajatoka.

Kuhusu maduka ya dawa: katika nchi nyingi sheria hairuhusu antibiotiki kuuzwa bila cheti cha daktari, na mwenye duka anayekiuka anaweza kupewa onyo, kutozwa faini, au kusimamishiwa leseni. Muuzaji akikataa kukupa nusu dozi, anafuata sheria, na anakulinda.

Turudi nyumbani. Kanuni ya kufuata ni moja: angalia usaha unakokwenda. Bakteria huyu hufika kwa mtu mwingine hasa kwa mguso, wa ngozi kwa ngozi au wa kitu kilichogusa kidonda. Juu ya kitu kikavu anaweza kuishi kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa. Kwa hiyo kidonda kinachotoa usaha kifunikwe muda wote kwa bandeji safi na kavu, na bandeji ibadilishwe kila inapolowa. Kidonda kilichoachwa wazi "kipate hewa" kinasambaza.

Wakati wa kubadilisha bandeji, andaa kila kitu kabla hujaanza: mfuko wa plastiki uliofunguliwa mdomo, bandeji mpya, sabuni, maji, na glovu kama zipo. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Toa bandeji ya zamani kwa kuikunja upande wenye usaha uwe ndani, itumbukize mfukoni moja kwa moja bila kuiweka mezani. Vua glovu, nawa tena. Safisha, kausha kwa kupapasa bila kusugua, funga bandeji mpya, funga mfuko kwa fundo, nawa mara ya tatu. Wengi hukosea kwenye ule unawaji wa katikati: huivua bandeji chafu na kuifunga safi kwa mikono ile ile. Kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi kinamuua bakteria huyu, ila si mikono ikiwa na usaha au uchafu unaoonekana. Hapo ni sabuni na maji tu.

Vitu visivyochangiwa ni taulo, wembe, mashine ya kunyolea, kikata kucha, kitambaa cha kuogea na sabuni ya kipande. Kila mtu awe na taulo lake, na lianikwe likauke kabisa, lisirundikwe juu ya mengine kwenye msumari mmoja. Aliye na jipu asinyoe eneo hilo wala jirani yake, kwa sababu wembe hupanda bakteria kwenye kila kitundu cha nywele unachopitia. Shuka, foronya na nguo zilizogusa kidonda zifuliwe kwa sabuni, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 ikiwa kitambaa kinaruhusu, zikaushwe hadi zisibaki na unyevu. Usizikung'ute kabla ya kufua. Mwenye kidonda chenye usaha mkononi asiandae chakula: stafilokoka akizaliana kwenye chakula anaweza kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Klorini ya kufulia inafaa kwa sehemu zinazoguswa mara nyingi: vitasa, swichi za taa, mabomba, kiti cha choo. Soma lebo kwanza, kwani nguvu hutofautiana. Ikiwa ni ya asilimia 5, mililita 20 kwenye lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.1, unaotosha kwa kazi za kila siku. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, weka mililita 30 hivi. Usaha uliodondoka unahitaji mkali zaidi: sehemu moja ya klorini ya asilimia 5 kwa sehemu 9 za maji. Futa kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa bakteria. Kisha paka, acha pabaki pamelowa kwa dakika 10, ndipo ufute kwa maji. Changanya mpya kila siku. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu. Na haipakwi kwenye kidonda.

Haya yote hayamaanishi kumtenga mtu. Kuna familia zimempa mgonjwa sahani yake na kumhamishia chumba cha nje, huku taulo la bafuni likiendelea kutumiwa na wote. Hilo ni kuumiza moyo wa mtu bila kuzuia chochote. Mtoto ambaye kidonda chake kimefunikwa vizuri na hakivuji anaweza kwenda shule, na anaweza kukumbatiwa. Asishiriki tu michezo ya kugusana miili mpaka kipone.

Majipu yakirudi tena na tena, au yakizunguka kutoka mtu hadi mtu, daktari anaweza kuagiza tiba ya kumwondoa bakteria mwilini: marhamu ya mupirosini, antibiotiki ya kupaka, ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku 5 hadi 10, pamoja na kuoga kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi) ya asilimia 4 kuanzia shingoni kushuka chini, bila kugusa macho na masikio. Hufanya kazi vizuri zaidi wakazi wote wa nyumba wakiifanya siku zile zile, na taulo na shuka zikibadilishwa katika siku hizo. Mmoja akiachwa, huwarudishia wenzake. Mupirosini isitumiwe kiholela, maana nayo ina usugu wake.

Usisubiri majibu ya maabara ikiwa kuna homa ya nyuzi 38 au zaidi, michirizi myekundu inayopanda kutoka kidondani, maumivu makali kuliko kinavyoonekana, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga, mwenye kisukari na mwenye kinga dhaifu waende kituoni mapema, hata kwa jipu dogo. Njia rahisi ya kufuatilia ni kuchora kwa kalamu ukingo wa wekundu na kuandika saa pembeni. Wekundu ukivuka mstari, nenda siku hiyo hiyo.

Na yeyote aliyewahi kupata majibu yenye R kwenye mstari ule wa sefoksitini amwambie mhudumu kabla ya upasuaji wowote, hata ikiwa kidonda kilipona zamani. Dawa ya kinga inayochomwa kabla ya kisu kwa kawaida ni ya ukoo wa sefalosporini, na kwake hiyo peke yake haitoshi.