Kusoma alama za kulungu kabla ya Novemba: kwa wawindaji wapya wa Maine

Msimu wa bunduki wa kulungu hapa Maine, jimbo la Marekani, hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na siku ya kwanza, Jumamosi, ni ya wakazi wa jimbo. Kila mwaka ndugu zetu wa miji ya Lewiston na Portland huingia msituni kwa mara ya kwanza, leseni mpya mfukoni. Wengi wamekulia Kivu, Ruyigi au Kigoma, na kufuata nyayo wanajua kuliko sisi tunaowafundisha darasani. Kwa hiyo sitaeleza unyayo wa leo unavyotofautiana na wa juzi. Nitaeleza alama ambazo wanyama wa kwetu hawaachi, pamoja na makosa yanayomkuta mtu mwema aliyezisoma vibaya.

Kulungu wa hapa, mwenye mkia mweupe, si pongo. Pongo hubaki na pembe zake maisha yote. Dume wa hapa huangusha zake wakati wa baridi, akaota nyingine masika, zikiwa zimevikwa ngozi laini. Kuelekea Septemba ngozi hiyo hukauka na kubambuka, na dume huanza kusugua pembe kwenye miti michanga. Gome huchubuka kuanzia usawa wa goti hadi kiunoni. Upande uliochubuka mara nyingi hutazama alikotokea, hivyo miti mitano au sita iliyopangana ni njia, tena njia yenye mwelekeo. Gusa jeraha la mti. Likiwa na unyevu na harufu ya utomvu, ni la siku chache. Likiwa la kijivu, huenda ni la mwaka jana, na mwenyewe huenda alishaliwa.

Oktoba inapoelekea kwisha hutokea alama ya pili, mparuo. Dume huparua majani mpaka udongo mtupu, kila mara chini ya tawi linaloning'inia usawa wa uso wake. Hulisugua tawi kwa paji la uso na tezi za pembeni mwa macho, kisha hukojolea tezi za miguu yake ya nyuma ili mkojo na harufu vishuke pamoja kwenye udongo. Watu wengi hukosea hapa. Wakiuona mparuo mbichi, wanajenga makazi: siku tatu, nne, wiki nzima. Kamera za msituni zimeonyesha tena na tena kwamba mparuo hutembelewa zaidi usiku. Isitoshe, katikati ya Novemba majike wakishakuwa tayari kupandwa, madume huuacha na kuwafuata. Mparuo unakuambia dume yupo eneo hili. Haukuambii atapita mchana.

Anayekuonyesha mahali pa kukaa ni jike, kwa chakula na malalo. Tafuta mialoni iliyodondosha mbegu, kisha angalia vijiti vilivyoliwa. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huchana na kuacha nyuzinyuzi. Kijiti kilichokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni kazi ya sungura. Malalo ni mabonde madogo ya umbo la yai kwenye majani au theluji, mara nyingi mahali ambapo upepo unatokea mgongoni mwake na macho yanatazama mbele. Kaa kati ya chakula na malalo, upande ambao harufu yako haimfikii. Kwenye mteremko, asubuhi hewa ikipata joto hupanda, jioni hushuka.

Kwenye ardhi ya umma kuna mnyama mwingine wa kusomwa, naye ni mtu. Jimbo lina zaidi ya ekari 600,000 za ardhi ya akiba ya umma zinazoruhusu uwindaji, lakini wengi wetu hatutoki mbali na pale tulipoegesha gari. Alama nyingi za karibu na barabara ni za usiku. Soma pia viatu, tepe na madungu ya wenzako, kisha uende wasikoenda. Na si kila ardhi ya umma inaruhusu bunduki: hifadhi ya taifa ya Acadia hairuhusu kabisa uwindaji.

Sasa sheria, na naomba sehemu hii isomwe polepole.

Unyayo mkubwa wenye alama za kwato ndogo za nyuma si ushahidi kwamba ni dume. Jike mzito kwenye tope huacha huohuo. Bila kibali cha kuua kulungu asiye na pembe, unaruhusiwa yule tu mwenye pembe ya inchi 3 au zaidi, na unaithibitisha kwa macho kabla ya kufyatua.

Saa za uwindaji ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Kuwinda usiku ni jinai: faini isiyopungua dola 1,000 na kifungo kisichopungua siku 3 kwa kosa la kwanza, siku 10 kwa kila linalofuata. Bunduki yenye risasi haiingii ndani ya gari. Hufyatui ndani ya yadi 100 kutoka nyumba ya mtu bila ruhusa yake. Mbwa, matanzi na chambo, hapana. Kundi la watu zaidi ya 3 kuswaga kulungu, hapana, hata kama nyumbani kijiji kizima kilikuwa kinatoka.

Mavazi ni mawili ya rangi ya chungwa inayong'aa: kofia, na vazi linalofunika sehemu kubwa ya kiwiliwili. Nimechoka kuambiwa yanamfukuza kulungu. Kulungu haoni rangi hiyo kama tuionavyo sisi. Mwenye bunduki ng'ambo ya bonde ndiye anayeiona.

Mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti, ya wima, kati ya futi 3 na 5 kutoka chini, maana yake ni ardhi ya mtu na ruhusa inahitajika. Njia ya kulungu ikivuka mistari hiyo, wewe simama.

Jumapili hakuna uwindaji, na mahakama kuu ya jimbo ilithibitisha hivyo mwaka 2024. Itumie kutembea bila silaha na kusoma alama.

Ukipata, funga lebo yenye jina, anwani na namba ya leseni kabla ya kumsogeza, kisha umsajili kituoni ndani ya saa 18. Ukimjeruhi giza likaingia, funga utepe kwenye damu ya mwisho, pakua bunduki risasi, na umpigie simu askari wa wanyamapori kabla hujarudi kumtafuta.